Kukubali nafasi ya tiba au kuomba upya: tathmini ya ofisi moja ya ushauri wa masomo mjini Bukavu

Kila mwaka, matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakishatoka na vyuo vikuu vya Bukavu vikaanza kubandika orodha za waliopokelewa, hujitokeza kundi la vijana ambao hawakufeli, lakini pia hawakupata walichokitaka. Mkononi wana barua inayowakubali katika kitivo cha tiba, ila barua hiyo haikutoka katika chuo walichokuwa wakikitaja nyumbani tangu sekondari. Hapo ndipo familia hugawanyika: wajomba wanasema mtoto aingie darasani mara moja, shangazi wanasema asubiri ajaribu tena mwaka ujao, na mtoto mwenyewe hanyamazi wala hasemi lolote la kueleweka. Kwa ajili ya watu wa namna hii mji wetu umepata ofisi za ushauri wa masomo, zinazotoza fedha ili kumsaidia mwanafunzi na mlezi wake kuamua. Tathmini hii inahusu mojawapo, iliyoko Ibanda, upande wa Nyawera. Sitaitaja jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza ni lawama, na lawama hizo zinahusu namna kazi yenyewe ilivyopangwa kuliko zinavyomhusu mtu fulani.

Ofisi hiyo inauza vitu viwili. Cha kwanza ni kikao cha ushauri cha muda wa saa moja na nusu hivi, ambacho mwishoni mwake mteja hupewa karatasi yenye maoni ya mshauri. Bei yake ni dola 20. Cha pili ni kozi ya maandalizi kwa wale wanaoamua kuomba upya, ambayo huendelea hadi karibu na majira ya mitihani ya kuingia chuoni, na bei yake ni dola 180 zinazolipwa kwa awamu tatu. Msomaji ashike jambo hili tangu sasa: vitu hivyo viwili vinauzwa kwenye meza moja, na anayeviuza ni mtu mmoja.

Nilikwenda huko na binti wa marehemu kaka yangu, ambaye masomo yake yako mikononi mwangu. Alimaliza biolojia na kemia, diploma yake ya kumaliza sekondari ina asilimia 64, akashindwa mtihani wa kuingia katika chuo alichokipenda, kisha akapokelewa katika kitivo cha tiba cha chuo kingine cha binafsi ambacho nacho sitakitaja. Tulikuwa tumepewa muda mfupi wa kuithibitisha nafasi hiyo kwa kulipa awamu ya kwanza ya karo, na fedha hiyo, kama ilivyo kawaida, hairudishwi mtu akibadili nia.

Nianze na kinachostahili sifa, kwa sababu kipo na si kidogo. Mshauri ni mwalimu wa kemia aliyefundisha sekondari kwa muda mrefu, mtu mpole, anayeongea polepole na kusikiliza kabla ya kujibu. Binti yetu alipoanza kueleza kwa nini chuo kile kingine ni kizuri zaidi, alimkatiza kwa upole: “Binti yangu, tusome kwanza barua uliyo nayo, kisha tutazungumza juu ya barua usiyo nayo.” Tukaisoma mstari kwa mstari. Aliuliza kama nafasi ni ya moja kwa moja au ina masharti, kama mwaka wa kwanza ni mwaka kamili wa tiba au ni mwaka wa maandalizi unaofuatwa na mchujo mwingine, karo imeandikwa kwa dola au kwa franga, italipwa kwa awamu ngapi, na ni gharama zipi ambazo barua haikuzitaja. Hilo la mwisho lilinifungua macho. Karo iliyoandikwa katika barua haijumuishi silabusi, mavazi ya maabara, kazi za vitendo, wala zile fedha ndogondogo ambazo hukusanywa kila kipindi cha mitihani na ambazo mzazi huzijua pale mtoto anapozuiwa kuingia ukumbini. Nilikuwa nimeisoma barua ile nyumbani zaidi ya mara moja na sikuwa nimeona kwamba haisemi lolote juu ya mambo hayo.

Baada ya barua aligeukia hospitali, na sehemu hii peke yake, kwa maoni yangu, inatosha kuhalalisha dola 20. Wengi wetu hulinganisha vyuo kwa jina, kwa majengo, au kwa dhehebu linaloviongoza. Yeye alisema kitivo cha tiba hupimwa kwa kitanda cha mgonjwa: mwanafunzi atajifunzia wapi, chini ya nani, na wagonjwa wa aina gani watapita mbele yake. Alitoa mifano ya hapahapa mjini. Wanafunzi wa tiba wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, kilichoanzishwa mwaka 1989, hujifunzia katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa, na wale wa Chuo Kikuu cha Kiinjili Afrika, ambacho watu hukiita UEA, wana Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Mwanafunzi aliye katika hospitali za namna hiyo huona uzazi mgumu, upasuaji, malaria kali ya watoto, majeraha ya risasi na magonjwa ya kawaida ya kila siku, tena huona jinsi daktari mwenye uzoefu anavyofikiri mbele ya mgonjwa. Kitivo kinachomwambia mwanafunzi kwamba hospitali ya staji, yaani ya mafunzo ya vitendo, atajitafutia mwenyewe wakati ukifika kinamuuzia nusu ya masomo kwa bei ya masomo kamili. Maneno hayo ni yangu, lakini nimeyapata kwa kumsikiliza yeye.

Akatuagiza twende chuoni tukaulize hospitali ipi, kwa makubaliano gani yaliyoandikwa, na kwa wanafunzi wangapi katika kila idara. Akaongeza jambo la kibali: chuo cha binafsi lazima kiwe kimeidhinishwa na serikali, na daktari hawezi kufanya kazi kihalali nchini bila kuandikishwa na Chama cha Madaktari, kile kinachoitwa Ordre des Médecins. Kwa hiyo mtu aende akawaulize watu wa Chama kama waliomaliza katika kitivo hicho wamekuwa wakiandikishwa bila shida. Ni swali rahisi, halina gharama, na sikumjua mzazi hata mmoja aliyewahi kuliuliza.

Kisha likaja swali ambalo naliona kuwa ndilo moyo wa jambo zima, na ambalo kwa bahati mbaya yeye alilipitia haraka: katika mwaka mmoja wa kusubiri, ni kitu gani hasa kitakachobadilika? Asilimia iliyoandikwa kwenye diploma haiongezeki kwa kukaa kabatini. Binti mwenye 64 leo atakuwa na 64 mwakani, na atashindana na kundi jipya la wahitimu, ambamo watakuwamo wenye 70 na zaidi. Kinachoweza kubadilika ni matokeo ya mtihani wa kuingia, basi. Kwa hiyo mtu anayetaka kuomba upya anapaswa kujua alianguka wapi katika mtihani ule wa kwanza, kwa alama ngapi, na kama udhaifu huo ni wa aina inayoweza kutibika kwa miezi michache. Kama aliangushwa na fizikia kwa sababu mwalimu wao wa fizikia hakuonekana darasani mwaka mzima, hiyo inatibika. Kama alijibu vizuri lakini nafasi zilikuwa chache na waliomzidi walikuwa wengi, basi anachokisubiri ni bahati tu. Mshauri alitugusia haya kwa dakika chache tu, wala hakumwomba binti aeleze maswali aliyoyakumbuka. Ningekuwa mimi ndiye ninayeiendesha ofisi hiyo, saa nzima ingekwenda kwenye swali hilo, na mambo mengine yote yangebanwa katika nusu saa iliyobaki.

Kila mteja hupewa pia kijitabu cha kurasa chache chenye kichwa kinachohusu kuomba upya kitivo cha tiba. Kimepigwa chapa vizuri, lakini sehemu kubwa ya yaliyomo imechukuliwa kutoka Marekani na kufasiriwa bila kuulizwa kama inatuhusu. Huko Marekani mtu huomba kitivo cha tiba baada ya kumaliza shahada ya kwanza ya miaka minne, hufanya mtihani unaoitwa MCAT, ambao alama zake huanzia 472 hadi 528, hupeleka barua za walimu, huandika maelezo juu yake mwenyewe na huhojiwa. Anayeomba mara ya pili ana mengi ya kurekebisha: anaweza kuurudia mtihani, kuongeza masomo ya sayansi, kujitolea hospitalini, kuandika upya maelezo yake, kupeleka maombi mapema zaidi na katika vyuo vingi zaidi. Tena washauri wa huko huwaonya waombaji kwamba kukataa nafasi kisha kuomba tena mwaka unaofuata huweza kuwaharibia mbele ya kamati za vyuo vingine, kwa sababu kamati hutaka kujua kwa nini mtu aliyepewa mlango hakuingia.

Kwetu mambo si hayo. Mtoto huingia tiba moja kwa moja kutoka sekondari, kwa diploma yake na, pale chuo kinapotaka, kwa mtihani wa kuingia. Hakuna kamati inayosoma habari za maisha yake. Onyo la kwamba kukataa nafasi ni doa lilimtia binti yetu hofu isiyo na sababu, na ushauri wa kuboresha maelezo binafsi haukumsaidia chochote. Kijitabu kilipaswa kusema lililo kinyume kabisa: kwa kuwa mwombaji wa hapa ana vitu vichache sana anavyoweza kuvirekebisha, kusubiri kwake kuna faida ndogo kuliko kusubiri kwa Mmarekani. Nilimwambia Mwalimu hivyo, naye akakubali kwa kichwa na kuliandika mahali fulani. Sijui kama toleo lijalo litabadilika.

Ukutani, nyuma ya meza, kuna picha ya Daktari Mukwege, na kila mzazi anayeingia huelezwa kisa chake. Kisa chenyewe ni cha kweli. Mukwege, aliyezaliwa hapa Bukavu mwaka 1955, alipomaliza sekondari mwaka 1974 hakuingia tiba. Alikaa miaka miwili katika kitivo cha uhandisi, Polytechnique, huko Kinshasa, na mwaka 1976 ndipo alipoanza tiba nchini Burundi, akamaliza mwaka 1983. Baadaye akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad. Ofisi inakitumia kisa hiki kuwaambia wazazi kwamba kuchelewa si kupotea, na kwamba anayesubiri nafasi iliyo bora atafika mbali. Lakini ukikisoma kwa makini kinasema jambo jingine. Miaka ile miwili hakuipitisha nyumbani akingoja. Alikuwa chuoni akisoma. Na alipopata mlango wa tiba uliokuwa wazi, aliuingia ingawa ulikuwa ng’ambo ya mpaka. Kama kisa hicho kinamshauri yeyote, basi kinamshauri yule mwenye barua mkononi aitumie. Hata hivyo mtu mmoja aliyefanikiwa si kipimo cha maelfu, na ningependa picha ile ibaki ukutani kwa heshima yake bila kugeuzwa kuwa hoja ya biashara.

Kuhusu hesabu ya gharama, mshauri alichora safu mbili kwenye karatasi, moja ya kukubali na nyingine ya kusubiri, na kazi hiyo aliifanya kwa uangalifu. Katika safu ya kusubiri aliweka ada ya kozi, usafiri wa pikipiki, ada ya kuomba upya, chakula. Kisha akaongeza “mwaka mmoja wa mshahara wa daktari”, akieleza kwamba anayechelewa kuingia huchelewa pia kutoka, kwa hiyo mwaka anaoupoteza ni wa kazi. Mantiki ni sahihi, lakini tarakimu aliyoiandika ilinifanya nitabasamu. Daktari kijana wa hapa, hasa wa serikali, huweza kufanya kazi kwa muda mrefu kabla ya kupewa matrikuli, yaani namba ya utumishi wa serikali, na kuingizwa katika orodha ya malipo, na huishi kwa posho au kwa kile ambacho hospitali yenyewe imekusanya kutoka kwa wagonjwa. Migomo ya madaktari kwa ajili ya mishahara na posho ya hatari si habari ngeni kwa mtu yeyote anayesikiliza redio nchini mwetu.

Katika safu hiyohiyo hakuweka gharama ambayo kwa familia nyingi ndiyo kubwa kuliko zote: fedha iliyotengwa kwa ajili ya masomo haimsubiri mwanafunzi. Fedha ya karo ya binti yetu ilikuwapo. Kama asingeitumia, ingeitwa mara moja kwenda kwingine, kwa karo ya mdogo wake wa sekondari, kwa dawa ya bibi, kwa paa la nyumba kabla ya mvua, na kila hitaji lingekuwa la haki. Mwakani tungeanza tena kuitafuta. Kwa msichana kuna na jambo la pili. Msichana aliyemaliza sekondari na kukaa nyumbani mwaka mzima, hata kama anasoma usiku, mbele ya ukoo huonekana kuwa hana kazi. Atapewa watoto wa kulea, atatumwa sokoni Kadutu, na wageni wenye vijana wa kuoa wataanza kuulizia habari zake. Mvulana naye ana majaribu yake, likiwamo la kupelekwa machimboni na rafiki zake kutafuta fedha. Mshauri anayafahamu haya yote vizuri, maana yeye naye ni mzazi wa hapa. Lakini karatasi yake haikuwa na nafasi ya kuyaandika, na jambo lisiloandikwa katika karatasi ile halihesabiwi wakati wa kuamua.

Wala haikuwa na nafasi ya hali ya usalama. Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 katikati ya Februari 2025, wiki chache baada ya Goma, na benki zikafunga milango. Tangu hapo kulipa karo kumekuwa shughuli ya kutuma fedha kwa simu, kuomba muda na kubembeleza wahasibu. Katika mazingira hayo mpango wowote unaotegemea mwaka ujao unabeba swali ambalo hakuna mshauri awezaye kulijibu, na ningeridhika kama angalau lingetajwa. Swali hilo linagusa pande zote mbili, nakiri. Anayelipa awamu ya kwanza leo hana hakika kwamba mwaka wa masomo utakwenda bila kukatika. Lakini anayesubiri naye hana hakika kwamba mtihani wa mwakani utafanyika kwa tarehe yake.

Kuna njia ya tatu ambayo ofisi huitaja kwa ufupi, nayo ni kuvuka mpaka. Mshauri alisema kweli kwamba Chuo Kikuu cha Rwanda hufundisha kwa Kiingereza, na kwamba anayekwenda Uganda lazima kwanza alinganishiwe diploma yake na baraza la mitihani la huko, UNEB. Zaidi ya hapo hakuwa na la kusema, na mzazi anayewaza Kigali au Kampala asitumie dola 20 zake katika ofisi hii.

Sasa niseme juu ya kozi. Baada ya saa nzima ya maelezo yenye uadilifu, mshauri aligeuza karatasi, akaandika chini yake kwamba anapendekeza binti aombe upya, na papo hapo akatoa fomu ya kozi kutoka katika mtoto wa meza. Nilimwuliza pendekezo hilo limetokana na nini, maana katika yote tuliyozungumza sikuona lililoelekea huko. Alijibu kwamba binti ana akili na anastahili chuo kilicho bora. Nikamwuliza, kati ya waliosoma kozi mwaka uliotangulia, ni wangapi walioingia walikotaka. Akanitajia majina ya vijana kadhaa waliofaulu. Orodha ya wote walioanza hakuwa nayo. Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa ngoma inawambwa mbele ya macho yako: anayelipwa dola 20 ukikubali nafasi uliyo nayo, atalipwa dola 200 ukiikataa. Simshutumu kwa udanganyifu. Naamini anaiamini kozi yake. Lakini mtu anayeiamini bidhaa yake ndiye asiyeweza kukuambia kwamba huihitaji, na udhaifu huo hautaondoka mpaka ushauri na kozi vitenganishwe.

Kozi yenyewe si mbaya. Tuliruhusiwa kukaa nyuma ya darasa mchana mmoja. Somo la kemia, analolifundisha mshauri mwenyewe, lilikuwa safi kabisa: anachukua swali la mtihani uliopita, analivunja, anaonyesha kwa nini majibu matatu kati ya manne yanavutia na bado si sahihi, kisha anawapa wanafunzi swali jingine lenye mtego uleule kwa sura tofauti. Biolojia ilikuwa ya wastani. Fizikia ilikuwa ni kunakili tu. Mwalimu aliandika ubaoni, wanafunzi wakaandika daftarini, na hakuna aliyeuliza wala kuulizwa. Hawapewi mazoezi ya kujibu kwa muda uliopimwa, jambo la ajabu kwa kozi ya mtihani, na Kifaransa hakifundishwi hata kidogo, ilhali vijana wengi hukosa maswali kwa kutoelewa sentensi kuliko kwa kutojua sayansi. Kwa mtu aliyekwisha kukosa nafasi kila mahali na ambaye hana barua yoyote, kozi hii ina thamani yake, na kwa ajili ya kemia peke yake ningemshauri aingie. Kwa mtu mwenye barua halali mkononi, sioni kwamba inafidia mwaka.

Sisi tulifuata maagizo ya mshauri na kuliacha pendekezo lake. Tulikwenda chuoni kuuliza habari za hospitali, tukaonyeshwa makubaliano yaliyotiwa saini. Tukauliza kwa Chama cha Madaktari, tukajibiwa kwamba wahitimu wa huko huandikishwa. Binti akazungumza na wanafunzi wa miaka ya juu, wakamweleza ukweli kuhusu mwaka wa kwanza: kwamba tangu mfumo wa LMD (wa ngazi tatu: licence, master na doctorat) ulipoanza mwaka wa masomo 2021-2022 mambo yote huhesabiwa kwa krediti, yaani vipimo vya kazi ya masomo, 60 kwa mwaka, na kwamba biofizikia na kemia ndizo zinazowaangusha wengi, si anatomia kama watu wa nje wanavyodhani. Aliporudi nyumbani alisema, “Shangazi, mwaka huo wa kusubiri nitasoma kemia na fizikia kwa ajili ya mtihani wa kuingia, nikikubali, nitasoma kemia na fizikia hizohizo kwa ajili ya krediti.” Tukalipa awamu ya kwanza.

Jirani yetu alitumia ofisi hiyohiyo kwa mtoto wake wa kiume na akaamua kinyume chetu, na naona aliamua vyema. Barua aliyokuwa nayo kijana yule ilitoka katika taasisi ambayo haikuweza kumwonyesha mzazi karatasi yoyote ya kibali, na juu ya hospitali ilijibu kwamba mazungumzo yanaendelea. Mshauri alimwambia wazi asilipe hata senti moja. Wakati huohuo kijana aliandikishwa katika chuo cha ufundi wa afya, ISTM, kusomea maabara, ili mwaka usimpite bure, na jioni anahudhuria kozi ya kemia. Katika kesi hiyo ushauri na masilahi ya ofisi vilielekea upande mmoja, kwa hiyo siwezi kuutumia kama ushahidi wa uadilifu wake. Lakini jibu lilikuwa sahihi.

Kwa kikao cha ushauri natoa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya kijitabu na ya swali kuu lililopitiwa mbiombio. Kwa kozi natoa mbili na nusu, ambazo karibu zote ni za kemia. Atakayekwenda abebe barua yenyewe wala si picha yake kwenye simu, kwa maana masharti huandikwa upande wa nyuma. Abebe na matokeo ya mtihani wa kuingia kama chuo kiliyatoa, na amlazimishe mshauri kuyajadili kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Kwenda asubuhi ni bora, kwa kuwa mchana Mwalimu huwa darasani na mteja huhudumiwa na kijana wa mapokezi ambaye kazi yake ni kuandikisha watu wa kozi. Malipo hupokelewa kwa simu au taslimu, noti za dola zilizochanika hukataliwa, na risiti haitolewi mpaka uiombe.